Mashine Mbili za Injinia Absalom

Umeme ulipokatika tena mchana ule, mwaka wa tisini na nane, Kisumu nzima ilisonya isipokuwa Absalom Ogola. Yeye alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na ziwa, tai shingoni, mfukoni hana kitu, akitazama malori yaliyokwama nje ya kiwanda cha samaki cha Mama Dorca Adero.

"Kuna nini, omera, ndugu yangu?" akamuuliza dereva mmoja.

"Kompyuta imekufa. Umeme ukipotea inakufa, na ikifufuka imesahau nusu ya oda. Sasa hatujui samaki ni wa nani na anaenda wapi. Mama analia huko ndani."

"Analia?"

"Kwa hasira, bwana. Usimwendee."

Kumkataza Absalom asimwendee mtu mwenye pesa na shida ni sawa na kumkataza nzi asiende machinjioni. Aliwahi kuuza kompyuta Nairobi, mpaka mwajiri wake alipogundua kwamba wateja walikuwa wanauziwa pia hewa. Akarudi nyumbani akiitwa Injinia, cheo alichojipa mwenyewe baada ya kuona wanaohusika wanachelewa kumpa.

Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Kondele, kwa shemeji yake Selpha, mjane wa kaka yake, aliyefundisha wasichana kuchapa kwa kompyuta moja tu.

"Niazime kidogo, shemeji. Naenda kuionyesha kwa wateja."

"Absalom, hii ndiyo inayolisha watoto wa ndugu yako."

"Na itawashibisha," akasema, huku ameshaibeba.

Siku iliyofuata akatua kiwandani na mashine mbili. Mama Dorca, mama mnene mwenye gambuti nyeupe, aliyeanza na karai la samaki kichwani, akasimama mikono kiunoni.

"Eleza, Injinia. Kwa Kiswahili cha watu."

"Mama, hii ya kushoto ndiyo inapiga kazi. Hii ya kulia imekaa tu na betri yake, inasikiliza mapigo ya moyo wa mwenzake. Mapigo yakikatika, inashika usukani palepale. Karani wako hata hapepesi jicho."

"Nasikia mashine kama hizo ziko benki tangu zamani."

"Hizo ni toleo la zamani! Hili ni jipya. Ya kwanza ikipona, inarudishiwa kazi yake bila kuombwa. Na zikizidiwa zote mbili, inakupigia simu."

"Inasema nini?"

"Inalia tu, Mama. Utajua ni yako."

Kisha akaizima ile ya kushoto kwa madaha ya kasisi anayebariki ndoa. Kwenye kioo, oda zikaendelea kuteremka kana kwamba hakuna msiba. Makarani wakapiga makofi.

Ukweli ni kwamba ya kushoto ilikuwa debe tupu lenye taa, feni na tofali la kulitia uzito. Kioo kilikuwa kimeunganishwa na kompyuta ya Selpha tangu mwanzo. Marehemu hakuwahi kuwa hai.

Mama Dorca akaipapasa ya kushoto, akaipapasa ya kulia, kama mtu anayenunua ng'ombe. "Nimezipenda," akasema. "Lakini zote mbili zinabaki hapa. Nikuandikie cheki?"

Absalom akajikuna. Alikuwa amepanga kurudi na kompyuta ya Selpha na kuacha debe jingine mahali pake. Na cheki nayo hupita benki, na benki huuliza maswali.

"Cheki ina maneno mengi, Mama. Nipe minofu."

"Minofu ile ya Ulaya?" Mama Dorca akashika kifua. "Injinia, utaniua!"

Walibishana hadi Absalom akatoka na katoni za kujaza pikapu aliyoazima. Moja ilifunguliwa mbele yake: minofu mieupe, migumu kwa barafu, imelala kama watoto wachanga. Akapiga hesabu kichwani. Kwa mzigo huo angemnunulia Selpha kompyuta mpya, na yeye abaki na suti.

Mnunuzi wake alikuwa Shitanda, mwenye hoteli pale Katito. Shitanda hakuwa mtu wa kutazama juu juu. Akazamisha mkono hadi kwapa, akatoa mfupa mrefu wenye kichwa na mkia.

"Absa, hii ni nini?"

Wakafungua nyingine, na nyingine. Juu minofu tabaka moja, chini mgongo wazi mtupu, ile mifupa inayobaki mnofu ukishasafiri kwenda Ulaya. Shitanda akacheka mpaka akashika ukuta.

Absalom alirudi kiwandani akichemka. "Mama, umeniibia!"

Mama Dorca akamsogelea, akashusha sauti kama mtu anayetoa pole. "Nimeshika baridi na moto maisha yangu yote, mwanangu. Mashine yako inayopiga kazi ilikuwa baridi kuliko samaki wangu. Ile uliyosema imekaa tu ndiyo ilikuwa moto. Twende polisi basi. Wewe ubebe mifupa, mimi nibebe debe."

Absalom akarudi kwenye pikapu, akaiwasha.

Alifika Kondele pikapu ikinuka, na wanafunzi wa Selpha wakafunga madirisha. Selpha alisikiliza habari yote amesimama mlangoni. Alitazama meza iliyokuwa na kompyuta yake, akatazama katoni, akajifunga leso kiunoni.

"Vua tai."

"Shemeji, nisikilize, nina mpango wa..."

"Vua tai, Absalom. Washa jiko."

Basi Kondele ikapata muuzaji mpya wa mgongo wazi wa kukaanga, mbele ya chuo cha kuchapa, akilipa deni la kompyuta kidogo kidogo. Wateja walikuja kwa ajili ya samaki, wakabaki kwa ajili ya porojo. Jioni moja alikuwa akimweleza mama mmoja jinsi kichwa cha samaki wa mbuta kinavyomwongezea mtoto akili ya hesabu, na mama yule ameshafungua kibeti.

"Punguza maneno, shemeji," Selpha akasema kutoka ndani. "Geuza samaki."