Laptopu ya Maktaba na Saa ya Nuksi

Jumamosi, 8 Novemba
Leo nimeaibishwa mbele ya meza ya magazeti. Saa mbili asubuhi, maktaba yetu ya Kizhakkumuri imejaa wasomaji, na laptopu yetu imechukua dakika kumi na tisa kuamka. Balagopalan, naibu wangu, muuza miavuli, akapaza sauti kama yuko mnadani: Katibu, hiyo ipeleke makumbusho, na wewe ubaki nayo humo humo! Watu wakacheka hadi chai ikawatoka puani. Nikapandisha mundu wangu, ile shuka yetu ya kujifunga, nikaukaza kiunoni kama mtu anayetaka ngumi. Nikatangaza: mkutano mkuu wa Jumapili ya tarehe 16 ukifika na laptopu hii haikimbii, sigombei tena. Miaka kumi na moja ya ukatibu! Ulimi hauna mfupa. Lakini nimesema, nimesema.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekwenda kwa Mwalimu Ambika wa shule ya serikali. Kompyuta zote shuleni kwake zinatumia mfumo endeshi mwingine, wa bure, mwepesi, usiochagua mashine kongwe. Akanipa kwenye flashi. Akanipa na masharti mawili: kwanza nitoe nakala ya kila kilichomo, pili, kazi ikishaanza nisiizime katikati hata nyumba ikiwaka moto. Nikamwambia, Mwalimu, nimefanya kazi posta miaka thelathini, sijapoteza hata barua moja. (Zile za mwaka wa mafuriko hazihesabiki.)

Jumatatu, 10 Novemba
Siku ya nakala. Thankamani, mkutubi wetu, ameingiza humo orodha ya vitabu vyote, 4,812, kila jioni kwa miaka miwili, kwa kidole kimoja. Ameniuliza mara tatu kama nakala nimetoa. Nimemwambia tulia, dada yangu. Na kweli nimetoa! Nimeiweka kwenye folda mpya kabisa, humo humo kwenye laptopu, nikaiita NAKALA kwa herufi kubwa. Mtu mzima hatawanyi mali yake kwa majirani.

Jumanne, 11 Novemba
Haya wanachama wasiyajue. Mwezi uliopita ni mimi niliyesoma hotuba ya saa nzima kupinga ushirikina. Lakini kalenda ya ukutani inasema saa ya Rahu, saa ya nuksi, leo ni kuanzia saa tisa alasiri hadi kumi na nusu. Siamini mambo hayo. Ila sioni sababu ya kuyachokoza.

Nikapanga kuanza saa saba. Umeme ukakatika. Ukarudi. Akaja Balagopalan kuomba gundi, akakaa kuchungulia mpaka nikaota mvi mpya. Nimeanza saa nane na nusu. Mfumo mpya ukauliza: niufute wa zamani, au tukae wote? Nikachagua wakae wote, ndio uungwana. Ukaanza kuusogeza wa zamani na mizigo yake ili upate nafasi.

Saa tisa kasoro dakika mbili: asilimia sitini na moja. Jasho! Mfumo mzima uzaliwe kwenye nuksi? Nikabonyeza kitufe, nikakishikilia mpaka taa ikafa. Sikuzima. Nilipumzisha. Nikaenda kula parippuvada mbili, bajia za dengu, na chai. Saa kumi na nusu na dakika moja nikawasha. Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe. Nikasubiri hadi magharibi. Mstari ule ule.

Jumatano, 12 Novemba
Mwalimu Ambika amekuja, ameangalia, ameshika kichwa. Mfumo wa zamani umekufa njiani ukihamishwa, pamoja na mizigo yote. NAKALA nayo ilikuwa kwenye mizigo hiyo hiyo. Akaniuliza: Kaka Kunjikrishnan, nakala gani inakaa ndani ya nyumba inayoungua? Akafuta kila kitu, akaweka upya kwa dakika ishirini. Inawaka kufumba na kufumbua! Ni tupu, lakini inawaka.

Thankamani hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena, akasema: miaka miwili, kaka. Basi. Afadhali angenitukana. Nimeona haya hadi chakula kimenikataa. Hata hivyo Balagopalan asingekuja na gundi yake, ningemaliza mapema. Hilo naliandika lijulikane.

Jumapili, 16 Novemba
Mkutano mkuu. Nimewasha laptopu mbele ya wote: sekunde tisa! Nikasema ahadi nimetimiza, kwa hiyo nagombea. Balagopalan akaomba kuona orodha ya vitabu. Nikasema hayo ni mambo ya agenda nyingine. Thankamani akainuka, akasema laptopu inakimbia, kweli, na hata mwizi hukimbia vizuri akishabeba vyote. Ukumbi ukaripuka. Kura: Balagopalan arobaini na moja, mimi tatu. Moja ni yangu. Mke wangu alikuwepo, na kati ya mbili zilizobaki hakuna yake, ameniambia mwenyewe.

Azimio la kwanza la katibu mpya: orodha nzima niiandike mimi, upya, rafu kwa rafu, chini ya macho ya Thankamani. Sawa! Mwanamume hakimbii kazi.

Jumatatu, 17 Novemba
Vitabu thelathini na nne. Kiuno kinauma. Thankamani amenisaidia bila kuombwa: amenipa simu yake na namba ya kuifungulia nipige picha migongo ya vitabu, nisiwe napanda ngazi kila mara. Moyo wa dhahabu! Nimekaribia kulia. Deni la namna hii halilipwi kwa maneno.

Na simu yenyewe, masikini, imezeeka. Picha moja, inaganda. Picha ya pili, inalala. Picha za wajukuu wake walioko Ughaibuni zimejaa humo, elfu na ushee, ndizo zinazoilemea. Nimesoma mtandaoni: hata simu kongwe huwekewa mfumo mpya, mwepesi. Waya ninao. Yeye kaenda kunywa chai, na akikutana na Ambika hukaa saa nzima. Atarudi akute simu changa. Atafurahi huyo!

Imefika asilimia kumi na mbili.