Mashuka Mia Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia hospitalini katundika ubao. Lengo: kila mkunjaji mashuka mia mbili kwa siku. Atakayeongoza wiki hii, bonasi. Mimi nimefika mia na arobaini. Kiuno changu! Jirani yangu wa meza, Mama Pacha, mia na tisini. Kaniambia bibi, kapumzike, ngoma ya vijana hii. Mimi! Niliyemfundisha hata kushika ncha! Na mjukuu wangu, mwalimu wangu wa herufi hizi, nimeshamwahidi viatu.

Jumanne, 4 Juni
Msimamizi akishahesabu, mashuka yanakwenda rafuni nyuma yangu. Basi nimechomoa, nimekung'uta, nimekunja upya. Moja lenye kiraka limepita mikononi mwangu mara nne, tumezoeana. Jumla: mia tatu! Nimepigiwa makofi. Mama Pacha kanuna kama kameza ndimu nzima. Nikamwambia pole mwanangu, utu uzima dawa.

Jumatano, 5 Juni
Yamenifika. Msimamizi kasema kama bibi wa miaka sitini na minane anaweza mia tatu, hakuna asiyeweza. Lengo sasa mia tatu. Ambaye Ijumaa hatafikisha, Jumatatu asije. Mama Pacha hakula mchana. Vidole vyake vimetoka malengelenge, mia mbili na kumi tu. Akaja kwa adabu, shikamoo bibi, naomba unifundishe. Nikamwambia siri iko kiunoni. Kiunoni! Mtoto wa watu akashinda anakatika mbele ya meza. Uso wangu niuweke wapi?

Alhamisi, 6 Juni
Leo nilikwenda kwa msimamizi kusema kweli. Akanivutia kiti, akaniita shujaa. Nikakaa. Nikaomba sabuni. Nikatoka na sabuni. Mwoga mkubwa! Mama Pacha akanipokea furushi nisichoke. Bora angenizaba kofi.

Ijumaa, 7 Juni
Ana pacha wananyonya, hafukuzwi kwa uongo wangu. Nimemvuta chooni, nimeungama. Kanitukana. Matusi yote nimeyakubali, aliposahau nikamkumbusha. Kisha akalia, nikamkumbatia hadi akapumua. Tukatoka, nikamwonyesha rafu. Mmoja anachungulia mlangoni, mwingine anachomoa. Jioni kila mmoja mia tatu na hamsini! Bonasi tutagawana.

Msimamizi karibu alie kwa furaha. Kapanda juu ya kiti, anafuta ubao, anaandika upya. Miwani nimeacha nyumbani, sioni vizuri. Bila shaka anatupongeza.