Sanduku Letu na Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Ijumaa, 2 Mei

Abby ametoka kunisaliti sasa hivi. Miaka miwili na nusu, nepi imemshuka hadi magotini, kasimama mbele ya televisheni anatikisa makalio kwa wimbo wa Kenya! Nikazima. Akanitazama kama nimeua mtu. "Again, Mama!" Nikamwekea wa kwetu. Ubeti wa kwanza haujaisha, kalala. Palepale kwenye zulia, kidole mdomoni.

Niandike vizuri ili siku nikisoma nielewe. Mashindano yanaitwa Sauti za Mataifa. Kila nchi wimbo mmoja. Nusu fainali Jumatano ijayo, fainali Jumamosi yake, na hata sisi wa huku Marekani tunapiga kura kwa simu. Wakenya wamepeleka "Lifti". Kelele tupu, watu wanaruka. Sisi Watanzania tumepeleka "Sanduku". Wimbo wa taratibu, kinanda kimoja na dada mmoja. Mumewe kabeba sanduku kaondoka bila kuaga. Nimeulilia mara sita. Mara ya sita nilikuwa nasugua choo.

Tatizo ni Rosemary. Jirani yangu hapa Adelphi, ghorofa ya tatu, mimi niko ya chini. Mkenya. Ndiye anayenishikia Abby nikienda masomo yangu ya kuhudumia wagonjwa kule College Park. Leo kanikuta kwenye ngazi mbele za watu, akauliza: "Wueh, Mama Abby, huo wimbo wenu ni wa mashindano ama ni wa matanga?" Watu wakacheka. Hata Laurean, mume wangu wa ndoa, mtu wa Bukoba kabisa, alicheka!

Sitagombana naye. Alhamisi ijayo nina mtihani Falls Church. Mara ya kwanza nilifeli. Mgonjwa wa plastiki nilimgeuza vizuri, mapigo nikahesabu vizuri, nikasahau kunawa mikono. Safari hii sifeli. Laurean atanipeleka, maana mimi na ile barabara kuu ya Beltway hatuelewani, na Rosemary atabaki na Abby. Kwa hiyo amani. Nitamshinda kwa akili tu.

Jumamosi, 3 Mei

Akili imekuja nikiwa naosha vyombo!

Watu hawaupendi "Sanduku" kwa sababu hawajauzoea. Wauzoee. Kesho ibada ya Kiswahili ina watu themanini, na kila mtu ana simu. Nikiuingiza ule wimbo kwenye kwaya, Jumatano watapiga kura bila hata kujua kwa nini. Nimekaa na karatasi. Kila palipoandikwa "mpenzi" nimeweka "Mwokozi". Umekaa vizuri mno. Nimempigia dada Wambura, kiongozi wa kwaya. Nikamwambia ni wimbo wa sikukuu ya Kupaa, nimeuleta mapema. Yeye televisheni haangalii. Akasema Mungu anibariki.

Laurean anasema niache. Laurean hana maono.

Jumapili, 4 Mei

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. "Mwokozi, sanduku umebeba, hata kwaheri hukuniachia." Kina mama wawili wakanyanyua mikono. Nikajua tumeshinda. Ubeti wa pili ndio ukaharibu: "Mwokozi, viatu vyako bado viko mlangoni kwangu." Vijana wa nyuma wakaanza kuitikia, maana wanaujua wote! Mzee Festus, mzee wetu wa kanisa, akasimama kwa heshima kabisa, akaomba aonyeshwe ni kitabu gani, sura gani, Bwana alibeba sanduku. Wambura akanigeukia. Kwaya nzima ikanigeukia. Rosemary alicheka mpaka akakaa chini.

Kwenye chai watu wakanitania. Nilivumilia. Lakini Rosemary akaja na kikombe chake akauliza kama kwenye sanduku kulikuwa na soksi za Mwokozi. Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasema Wakenya hawawezi kuuelewa wimbo kama huo, Kiswahili chenyewe wanakiongea kama wanafukuza mbwa.

Wakenya wako hamsini mle ndani!

Rosemary akaweka kikombe mezani polepole. Akasema hivi, na hakupandisha sauti: ulipokuwa hospitalini wiki mbili, Mama Abby, ni hicho Kiswahili cha mbwa nilikuwa nambembelezea mtoto wako. Akachukua koti lake akaondoka.

Ni kweli. Abby alikuwa na miezi mitano.

Jumatatu, 5 Mei

Ujumbe kutoka ghorofa ya tatu. Alhamisi amechukua shifti, nitafute mtu mwingine. Hakuweka hata kile kiuso cha kucheka anachoweka kila mahali. Aliweka nukta.

Nimejaribu watu wanne. Wambura kasema atamshika Abby siku ya Kupaa. Na Mzee Festus anasinzia hata akiwa anaomba, siwezi.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka saa kumi na moja nikapika vitumbua. Ishirini na vinne, vya iliki, anavyovipenda. Nimevipanga kwenye bakuli langu la bluu lenye mfuniko, nikaandika kikaratasi: dada Rosemary, nisamehe, nilikosa. Nilikiandika kwa moyo wote. Nikalia kidogo.

Halafu nafasi ikabaki chini ya karatasi. Nikaona isikae bure. Nikaandika namba ya kumpigia kura Tanzania.

Nikaacha bakuli mlangoni kwake, nikagonga, nikakimbia.

Jioni bakuli limerudi. Limeoshwa, limekaushwa, liko kwenye zulia la mlangoni. Nikafungua. Tupu! Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Hata kwao ni hivyohivyo, ananijua na ninamjua, miaka mitatu tunarudishiana vyombo na hakuna kilichowahi kurudi bila kitu. Hata wakati ule hana kitu ndani aliweka ndimu mbili. Ndani ya bakuli kulikuwa na kikaratasi changu tu. Kakata ile sehemu ya namba kwa mkasi, ile ya msamaha kanirudishia.

Nimekaa nalo mapajani. Abby kafungua mfuniko, kachungulia, kauliza, "Where's chapati?"

Jumatano, 7 Mei

Tumetolewa. Nafasi ya kumi na nne, na kwenye kundi letu wanapita kumi. Dada wa watu aliimba vizuri sana, sauti ikakatika mahali panapotakiwa kukatika. Wakenya wamepita. Jengo zima linaruka, taa yangu inacheza.

Nikaamua niwe mtu mzima. Nikaandika kwenye grupu la majirani: Hongereni Wakenya. Nikatuma. Nikaona fupi. Nikaongeza: kwa kelele. Nikatuma. Nikafuta haraka. Jina la Rosemary lilikuwa linaonekana yuko hewani.

Laurean kanipokonya simu, kaiweka juu ya kabati. Kasema, mama, huo mtihani unautaka au huutaki? Nikasema nautaka. Akasema basi hakuna kikaratasi wala kitumbua, zile ngazi nizipande na miguu yangu mwenyewe nikaombe.

Nimenawa mikono mara kumi leo, mazoezi. Mikono inajua. Mtoto ndiye hana wa kumshika.

Alhamisi, 8 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nimempandisha Abby mgongoni, nikazipanda. Ngazi thelathini na sita. Sikubeba kitu. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, yote yakaishia ghorofa ya pili.

Nikagonga. Mlango ukafunguka papo hapo, kama mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Rosemary, gauni la kulalia, kitambaa kichwani, uji unachemka jikoni. Nikasema dada, nilikutukana, na wewe ndiye uliyenilelea mtoto. Machozi tu.

Akasema, "Lete huyo mtoto." Akamfungua mgongoni mwangu kama anachukua mzigo wake mwenyewe. Shifti? Kumbe aliirudisha Jumatatu ileile. Akasema alikuwa anangoja tu kuona nitapanda kwa miguu lini, ama mpaka nimtumie kwaya. Nikataka kumkumbatia. Akanisukuma kwenye korido.

"Enda, utachelewa. Na unawe mikono!"

Nilinawa! Nilinawa kabla, nikanawa baada, msimamizi akaniambia inatosha.

Tuliporudi mlango wake ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikaingia taratibu. Rosemary kalala kwenye kochi, Abby kalala kifuani kwake, simu iko kwenye mto inaimba. "Sanduku"! Inaisha, inaanza tena. Na shavu la Rosemary lina michirizi ya machozi, imekauka, lakini ni machozi. Sasa nitafanyaje? Nilipiga picha. Moja tu.

Alipoamka akasema mtoto alikataa kulala bila huo wimbo, na ameusikia mara arobaini, na macho yake ni vumbi. Nikasema ndiyo dada, vumbi. Akanijazia bakuli la bluu chapati nane za moto. Nilishuka nalo nimelikumbatia.

Nimeapa mbele ya Mungu. Sitataja tena wimbo wowote.

Jumamosi, 10 Mei

NIMEFAULU! Barua imefika kwenye simu asubuhi. Laurean kanibeba, mgongo umemuuma. Rosemary kapiga vigelegele kutoka ghorofa ya tatu mpaka Mzee Festus wa jengo la pili kapiga simu kuuliza nani anaolewa.

Fainali imekwisha jioni hii, tuliangalia wote kwake. "Lifti" imekuwa ya ishirini na moja kati ya ishirini na mbili! Nilikula kuku wake kwa adabu. Nikatoa pole. Hata Laurean alinishangaa.

Nimeshuka mara moja tu kubadilisha nepi na kuchukua vitumbua, na hapa nimekaa dakika mbili, maana akili imekuja. Wale watu hamsini wanaodhani "Sanduku" ni wimbo wa matanga, kama wangeiona ile picha? Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya mwakani, watu wajiandae mapema. Ujumbe nimeshauandika kwenye grupu, wengi wao wamo, sentensi tatu, zina upendo. Naweka picha, halafu uso wa Rosemary naufunika kwa ua, nani atajua? Ingawa kitambaa cha kichwa wanakijua. Na kochi. Basi naweka maua matatu.

Ananiita huko juu kwenye ngazi. Mama Abby! Anasema vitumbua viko wapi, na anaona kwenye grupu kwamba kuna mtu wa ghorofa ya chini anaandika kitu kirefu, ni kitu gani hicho? Nakuja dada! Anasema anashuka mwenyewe. Ngoja niutume haraka, nabonyeza tu hapa kwenye