Maandishi ya Baba Mkwe na Tabaka la Chini

Ijumaa, 13 Septemba

Dhuluma! Baba mkwe, Mzee Rong, mchoraji wa maboga anayejulikana mji mzima wa Suzhou, katuandikia karatasi moja tu ya kutundika ukutani, kwa ule mwandiko wake wa mbio: “Mvua imepita, mlango wazi.” Nusu mwaka ikae dukani kwangu, nusu mwaka kwa mwanyumba wangu Lu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Jumanne, Sikukuu ya Mwezi, zamu ya Lu inaanza. Lu, muuza masinki! Wateja wangu wa chai watazame nini, chokaa?

Jumamosi, 14 Septemba

Dawa imepatikana. Karatasi ya Mzee ni nene, ya tabaka tatu, na wino wake hupenya hadi chini. Mafundi wa zamani waliilowesha karatasi ya namna hii wakaibandua, moja ikazaa mbili. Tabaka la juu langu. La chini apewe Lu, atajuaje? Mke wangu kasema nitaumbuka. Hana imani na mimi hata kidogo.

Jumapili, 15 Septemba

Imebanduka! Ila la chini limefifia kama uji wa mgonjwa. Nikalipitia kwa brashi yangu, polepole, bila haraka, asubuhi nzima. Limependeza kuliko la Mzee, acha niseme ukweli.

Jumanne, 17 Septemba

Fedheha. Lu kaja kuchukua karatasi, na Mzee nyuma yake anatafuna keki ya mwezi. Nilipomkabidhi Lu ile ya chini, Mzee kaitazama, kauliza nani kaandika, maana mkono wake yeye hukimbia, na huu unatembea kama mtu aliyebeba bakuli la supu. Lu kacheka hadi kakaa chini. Mke wangu, msaliti, kaitoa uvunguni ile ya juu niliyoificha. Lu kaondoka nayo moja kwa moja, hakuna zamu tena.

Mzee kaomba brashi. Kama wafanyavyo wajuzi wanaothibitisha kazi za sanaa, kaandika ubavuni mwa ile yangu, kwa pumzi moja: “Haya ni ya mkwe wangu Tan. Mimi simo.” Kagonga na muhuri! Kaamuru itundikwe dukani hadi siku atakayokufa. Na afya yake ni ya punda.

Jumatano, 18 Septemba

Wateja wamesoma. Wamecheka. Chai imenipalia.

Lakini nimewaza. Maneno ya ubavuni ni mkono halisi wa Mzee, muhuri halisi, na Lu hana maneno hayo. Karatasi ilikuwa ya tabaka tatu, nimebandua moja. Zimebaki mbili! La juu likae ukutani, la chini nitamuuzia Lu. Maneno yatakuwa yamefifia kidogo. Brashi ninayo.