Karanga, Taa na Kikohozi

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza mashindano. Ijumaa, panya wangu dhidi ya panya wa Taratibu, ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa maabara. Atakayemfundisha panya wake kubonyeza kitufe taa ikiwaka ndiye msimamizi mpya wa chumba cha panya. Ni mimi, nani mwingine? Nimeshamwambia mke wangu, naye ameshamwambia mama yake. Profesa alieleza pia jinsi chembe za ubongo zinavyopashana habari, kuanzia inayoona taa mpaka inayosogeza mguu. Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Sikuambulia kitu.
Mke wangu amekohoa. Ngoja nikaoshe vyombo.

Jumanne, 4 Machi
Panya hana habari na taa. Nimewasha, nimezima, nimembembeleza. Wapi! Anajikuna tu. Taratibu amenishauri nisiwe na haraka. Mwenye wivu ajinyonge. Juu ya hayo, vumbi la matandiko ya panya limenipa kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi
Maajabu! Nakohoa, nawasha taa, panya anabonyeza, nampa karanga. Hakosei hata mara moja. Taratibu ameuliza mbona nakohoa kabla ya kuwasha. Nimemwambia ashike lake. Jioni mke wangu amenipa dawa ya kifua nisije nikaaibika mbele ya Profesa. Nimemaliza chupa.

Ijumaa, 7 Machi
Kifua kimepona, kikohozi hakuna. Taa ikawaka. Panya akakaa, ananitazama mdomoni. Ikawaka tena, bado ananitazama. Kwenye mashine inayosoma ubongo wake, mistari imelala. Kisha Profesa akakohoa kidogo. Mistari ikaruka, panya akabonyeza! Nilishangilia peke yangu. Profesa akasema panya hakujifunza taa, amejifunza kikohozi, maana ndicho kilichokuwa kinatangulia karanga. Nikauliza kama huo nao si ushindi. Funguo za chumba amekabidhiwa Taratibu, ambaye panya wake alibonyeza kila taa ilipowaka. Imeniuma sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechanganyikiwa. Sielewi panya anawezaje kufundishwa na mtu asiyejua kwamba anafundisha. Mama mkwe amepiga simu kumpongeza msimamizi. Nimesema asante, ningefanyaje? Mke wangu alikuwa anasikiliza. Akakohoa. Nikajikuta jikoni, mikono kwenye povu, wala sijui nilifikaje.
Profesa anasema ubongo hujifunza pale unapokosea. Basi ndiyo maana wangu haujajifunza kitu wiki nzima. Haujakosea hata mara moja.