Kamera Inayogeuka Yenyewe

Jumanne, 4 Juni

Wameiba tena! Safari hii nusu sufuria ya maharage, mchana kweupe, watu wote wakiwa shambani. Wiki iliyopita blanketi. Kabla ya hapo shati langu la manjano la kwendea misa, lile ambalo padri mwenyewe alilisifu siku ya Pasaka. Nimechoka. Kambi yote hii ya wakimbizi ya Nakivale, na mwizi anaijua nyumba moja tu, yangu mimi Venuste, muuza sabuni, mtu nisiye na ubaya na mtu.

Mwizi namjua. Ni Gervais, jirani yangu, seremala Mkongomani wa Uvira. Ushahidi: anacheka sana. Kuku wake wamenona na sijawahi kumwona akiwalisha. Halafu ndiye anayeshika ufunguo wa ghala la mavuno la bloku yetu, ufunguo ambao kwa haki ungekuwa unaning'inia kiunoni mwangu.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa bloku, mama Mukakalisa, nikamshitaki. Kasema kesi itasikilizwa Jumapili baada ya misa. Gervais akithibitika mwizi, atarudisha ufunguo na kuhama bloku, yeye na watoto wake. Asipothibitika, nitamwomba msamaha mbele ya watu. Kuomba msamaha! Mimi!

Mke wangu Cansilde kaniambia, mume wangu, achana nayo, maharage ni maharage. Mama yake akakohoa nyuma ya pazia. Huyo ni mabukwe wangu, tunaishi naye tangu tulipokimbia Burundi. Kwetu mkwe na mabukwe hawatazamani usoni, na kumwona mabukwe wako akila ni fedheha isiyosemeka. Ndiyo maana ya pazia. Akitoka yeye, mimi naingia. Miaka yote hii namjua kwa kikohozi na visigino tu.

Jumatano, 5 Juni

Mbarara, kutafuta kamera. Duka la Nehemiya liko karibu na barabara ya kwenda kambi ya Makenke. Baba yake alikuwa askari hapo, ndiko Nehemiya alikopata Kiswahili chake. Maskini, kinatembea kwa mguu mmoja, lakini kinafika.

Kanionyesha kamera yenye umbo la balbu. Kanionyesha ganda tupu lenye taa nyekundu, halina kitu ndani, kazi yake kumtisha mwizi. Akasema hiyo inatosha, mwizi akiona jicho anapita mbele. Nikamwambia sitaki kumtisha, nataka kumkamata! Nataka Gervais aonekane mzima, na maharage mdomoni.

Akatoa nyingine. Haitaki waya, inakula jua, inatumia laini ya simu, na shingo yake inageuka yenyewe kumfuata mtu. Imefundishwa kutofautisha mtu na mnyama. Akiingia mtu, simu yako inalia tik, na kwenye kioo kisanduku cha kijani kinamzunguka. Moyo wangu ukaruka.

Kisha Nehemiya akaniuliza nyumbani wako akina nani. Nikamwambia mke na mabukwe. Akaichukua kamera mikononi mwangu akairudisha kwenye rafu.

"Hapana, ssebo," akasema, yaani bwana kwa lugha ya kwao. "Kama mama-mkwe iko ndani, hii si yako. Hii nafuata mutu mpaka fasi yake. Chukua ile nasimama."

Kumbe hata kwao Ankole wana adabu hiyo. Lakini nani alimuuliza? Mfanyabiashara anayekataa kuuza! Nimeinunua ile inayogeuka, tena kwa kiburi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeifunga sebuleni, kwenye ukuta wa kona ya karibu na mlango, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Cansilde nimemwambia ni chombo cha kuvuta mtandao. Ameniangalia kama anavyomwangalia mbuzi aliyeingia kanisani, akaendelea kuchambua mchele.

Gervais kapita, kaona nahangaika, akasema msumari ule hautashika kwenye udongo mkavu, aje anisaidie. Ujanja! Anataka kujua kamera iko wapi! Nikakataa. Msumari haukushika. Nikaanguka na kigoda juu yangu. Akaniinua, akanipangusa vumbi, akaupiga msumari yeye mwenyewe. Sasa mwizi ndiye aliyeifunga kamera yangu.

Nimejaribu. Natembea, nayo inageuka taratibu, kimya kabisa, na kwenye simu niko ndani ya kisanduku cha kijani. Kakatiza paka wa jirani. Hakuna tik, hakuna kisanduku. Kweli imefundishwa.

Kitu kimoja tu. Nilipotoka nje nikachungulia dirishani, sebule ilikuwa tupu, lakini shingo ya kamera ilikuwa bado inageuka. Iliishia kwenye kile kigoda, karibu na pazia. Ikatulia hapo. Nadhani ni upepo.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika haya nje, mlangoni.

Nilikwenda mji wa Kaberebere kuchukua sabuni dukani. Cansilde shambani. Jua la saa saba, mji umelala. Simu ikalia: tik. Nikasema, Gervais, leo ni leo! Nikafungua.

Sebule tupu. Kigoda peke yake. Na kisanduku cha kijani kimekizunguka kigoda, chenyewe kirefu, kama urefu wa mtu aliyeketi. Ndani yake hakuna kitu. Ukuta tu. Nikafuta kioo cha simu kwa kanzu ya mwenye duka. Kisanduku kilikuwepo.

Kisha pazia likasogea, mabukwe akatoka.

Nikageuza uso! Hapo hapo Kaberebere, barabarani, kwa heshima, nikageuka nikatazama ukuta wa duka huku simu nimeinyoosha nyuma. Bodaboda akaniuliza kama naumwa. Nilipaswa kuizima. Niseme ukweli, nilifumba jicho moja na kuangalia kwa lile jingine.

Alikuwa na sahani ya maharage yangu. Akaiweka juu ya kigoda. Akatoa shati langu la manjano, akalitandaza hewani juu ya kigoda kama anamvika mtu, na shati, Bikira Maria nisamehe, lilichelewa kuanguka. Kisha akaketi mkekani na sahani yake mwenyewe, akala. Nimemwona mabukwe akila! Anatafuna kwa upande wa kushoto. Sitaweza kulisahau.

Visanduku vilikuwa viwili. Kimoja chake, kimoja cha kigoda. Sauti ya mabukwe ikaja, ndogo lakini safi:

"Kula, Claude. Leo umechelewa."

Claude ni kaka yake Cansilde. Siku tunakimbia alirudi nyuma kuchukua blanketi la mama yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, hai wala maiti.

Mtandao ukakatika. Uliporudi, pazia limefungwa, shati halipo, na sahani ya juu ya kigoda nyeupe, imelambwa.

Jumamosi, 8 Juni

Sikulala vizuri. Hofu ninayo, nakiri. Lakini nina akili pia, na akili imefanya kazi.

Hali ni hii. Gervais hana kosa. Mimi tu najua. Nikisema, nitaulizwa nimejuaje, nami nitajibu nimemtazama mabukwe akila. Wanaume wa bloku watanicheka mpaka kaburini. Nikinyamaza, Jumapili Gervais anahama na ufunguo unakuja kiunoni mwangu. Nimeamua kunyamaza. Ni kwa heshima ya mabukwe.

Cansilde kaniuliza kwa nini napita sebuleni kinyumenyume. Nimesema mgongo.

Mchana Gervais kaja. Hakucheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hacheki, uso wake ni wa mzee. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Venuste, miye sikukwiba," akasema. "Batoto yangu bakisikia baba yabo ni mwizi, tutaenda fasi gani tena? Tumekimbia mara mingi. Hapa nilifikiri tumefika."

Nimemwambia nitafikiri. Nilifikiri kweli. Kisha nikafikiria ufunguo.

Alipoondoka, mabukwe akaniita kutoka nyuma ya pazia. Hajawahi kuniita. Akasema, mkwe wangu, kile chombo cha ukutani kinageuka na kutazama. Nikamwambia kinatafuta mtandao, mabukwe. Akakohoa. Akasema si kibaya. Akasema Claude amekizoea, zamani alikuwa anaketi na mgongo mlangoni, siku hizi anaketi amekitazama.

Nimehamia kukaa dukani kwangu mpaka Cansilde aliporudi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa, uwanjani, bloku nzima. Wanawake kwenye mikeka, mabukwe katikati yao na kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Gervais mbele na watoto wake wamemshika suruali.

Nikazungumza vizuri. Nikataja shati, blanketi, maharage, kuku walionona. Mama Mukakalisa akasema amesikia nina kamera ya Mbarara, basi nionyeshe. Nikasema simu imeisha chaji. Mtu mmoja, msumbufu, akasema mbona taa yake inawaka. Mukakalisa akanyoosha mkono, nikampa. Ningefanya nini?

Ikalia mikononi mwake: tik.

Akatazama. Wakaja nyuma yake kutazama, mmoja mmoja, na kila aliyetazama akarudi nyuma. Ilikuwa sebule yangu, sasa hivi, mlango umefungwa kwa kufuli. Kigoda. Kisanduku cha kijani kimekizunguka. Na kamera imeganda hapo, haigeuki, kwa sababu aliyemo hasogei.

Mukakalisa akaniuliza nani yuko kwangu. Nikasema hakuna mtu, sote tuko hapa. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Watoto wa Gervais wakajificha nyuma ya miguu yake.

Mabukwe akasimama. Akatoa kitambaa usoni, mbele yangu, nami nikatazama miguu yangu.

"Ni mwanangu," akasema. "Maharage nilichukua mimi. Blanketi pia, maana blanketi ndilo alilorudia siku ile. Shati, kwa sababu lake lilichakaa njiani. Huyu Mukongomani hana kosa. Mkwe wangu anajua. Aliniona."

Aliniona. Lilikuwa neno moja tu, lakini uwanja mzima ulilishika. Mukakalisa akaniuliza tangu lini. Nikasema Ijumaa. Akaniuliza nilimwona akifanya nini. Nikasema nilifumba jicho moja. Haikusaidia.

Cansilde alikuwa analia bila sauti. Kumbe alijua siku zote. Blanketi lile alilifua yeye mwenyewe Jumamosi. Alikuwa akiniambia niachane nayo, nami nilidhani anaongelea maharage.

Gervais ndiye aliyekuwa na haki ya kunitukana. Alimtazama mabukwe muda mrefu, kofia mkononi, akauliza kijana wake alikuwa na urefu gani. Mabukwe akaonyesha kwa mkono, juu ya kichwa chake.

"Basi kile kigoda kinamuumiza magoti," akasema Gervais. "Nitamutengenezea kiti."

Niliomba msamaha mbele ya watu. Nadhani hakuna aliyesikia. Walikuwa wanamsindikiza mabukwe nyumbani, na Gervais amemshika mkono.

Jumatatu, 10 Juni

Wazee wamenitoza pombe ya ndizi ya kumwosha mabukwe aibu ya macho yangu. Ufunguo umebaki kwa Gervais. Cansilde hazungumzi nami, anazungumza na sufuria.

Kiti kimeletwa jioni. Kizuri, cha mgongo mrefu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Nilitaka kuing'oa kamera, mabukwe akakataa kupitia pazia. Anasema wawili tu ndio wanaomwona Claude, yeye na chombo, na yeye anazeeka.

Nililia kidogo, nyuma ya katoni za sabuni. Nimeandika hapa ili nijue kwamba nina moyo. Gervais ni mtu mwema. Sitamshuku tena mtu yeyote.

Jumatano, 12 Juni

Mbarara. Nimekuja kumwambia Nehemiya alikuwa sawa, na kunywa chai naye kiungwana. Amefurahi, hata hakunicheka.

Hapo hapo dukani kwake, simu ikalia. Nikafungua, nikaweka kiganja kwenye kioo upande wa mabukwe, kwa adabu. Kisanduku chake, kipo. Kisanduku cha kiti, kipo. Kisha kamera ikageuka, taratibu, mpaka mlangoni, ambapo haijawahi kutazama saa hizi.

Kisanduku cha tatu. Kirefu. Ndani yake hakuna mtu, mlango tu, na komeo limefungwa. Nikasikia mabukwe anakiambia karibu, mwanangu, na wewe ni nani, umetoka na Claude? Kikasogea hatua moja ndani, kuelekea sufuria.

Nywele zilinisimama. Nehemiya akasukuma kiti chake mbali na simu yangu, akaniambia ssebo, hii zima, nenda nyumbani, ita padri.

Padri! Huyu Nehemiya hajui mambo ya bloku yetu. Mimi nimeelewa mara moja. Nani alileta kiti? Nani sasa anaingia na kutoka kwangu kama kwake? Nani anajua hasa kamera imefungwa wapi, maana msumari aliupiga yeye? Kumbe ile huruma yote ilikuwa njia ya kufikia maharage! Na sasa amepata mbinu ya kutoonekana.

Nimenunua ya pili. Inayogeuka. Hii naielekeza kwa Gervais.