Mchungaji wa Samaki Ishirini

Nashon Obura alipoona fundi akipaka rangi sebule ya nyumba mpya ya Mama Resian, pale Kitengela, alisimamisha pikipiki akavua kofia. Watu wengine huvua kofia mbele ya maiti. Nashon huvua mbele ya ukuta mrefu mtupu ambao mwenye nyumba hajui atauwekea nini.

Nashon aliuza samaki wa urembo, wale wa kuwekwa kwenye tangi la kioo ili wageni waseme "ai, jamani". Mji mzima ulimwamini kwa sababu ya jina lake tu, jina la watu wa ziwani. Mtu anaitwa Obura, watu walisema, atakosaje kujua samaki? Ukweli ni kwamba alizaliwa Nkoroi, akakulia Nkoroi, na ziwa aliliona kwenye kalenda.

Biashara yake ilikuwa safi kabisa, ukiitazama kwa mbali. Alikuuzia neon ishirini, visamaki vidogo vyenye mstari wa buluu unaowaka, pamoja na oska mmoja urefu wa kidole, mtulivu, macho kama ya padri. Juu ya hayo akakupa garanti ya mwaka mzima: samaki akifa, onyesha mwili, upewe mwingine bure. Kile ambacho Nashon hakutaja ni kwamba oska hula samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake, na humeza mzima mzima.

Mwalimu Dolphine Nasike wa Noonkopir aliwahi kumpigia simu kwa hasira.

"Nashon, nimebaki na neon wanne!"

"Pole sana, Madam. Miili iko wapi?"

"Sijaona mwili hata mmoja."

"Basi hawajakufa, Madam. Angalia nyuma ya mawe."

Dolphine alitafuta nyuma ya mawe wiki nzima. Halafu akanunua neon wengine, kwa bei ya kawaida. Wanawake saba wa chama chake cha akiba walifanya vivyo hivyo, na kila mmoja alidhani ni yeye tu asiyejua kutunza samaki. Aibu ni mali kubwa kwa mtu anayejua kuifuga, na Nashon alikuwa mfugaji hodari.

Sasa akabisha kwa Mama Resian. Jina lake hasa Nalotuesha, mama wa makamo, mwenye ng'ombe huko Kajiado na lodge ya vyumba ishirini iliyokuwa ikimaliziwa kando ya barabara ya Namanga.

"Sopa, yeyo!" Nashon akasema. Kimaasai chake chote, salamu na neno la mama, kiliishia hapo.

"Ipa. Unauza nini?"

Akamweleza. Siku ya tatu tangi lilikuwa ukutani, maji yakibubujika, neon ishirini wakizunguka na oska katikati. Nalotuesha aliinama akamtazama oska mdomoni kwa muda mrefu.

"Hii kubwa na hizi ndogo zinakaa pamoja?"

"Zinapendana ajabu, yeyo. Huyu ni kama baba yao."

"Baba."

"Baba kabisa!"

Wiki mbili baadaye akampigia simu. Nashon alifika akiwa amejiandaa na hotuba yake.

"Nimehesabu kumi na tatu," Nalotuesha alisema. "Nilinunua ishirini."

"Umeona mwili, yeyo?"

"Hapana."

"Basi wote wako hai. Neon ni mwoga, hujificha."

"Kwa hivyo ziko ishirini."

"Ishirini, bila shaka!"

Nalotuesha hakugomba. Alimimina chai, akasema kwa upole kwamba yeye ng'ombe anazijua lakini hizi hapana, na anataka mtu wa kumchungia kwa mshahara, mpaka lodge ifunguliwe baada ya miezi mitatu. Na kama huyo mtu atachunga vizuri, basi kila chumba cha lodge kitahitaji tangi lake.

Vyumba ishirini. Matangi ishirini yangemtoa kwenye chumba chake cha kupanga, chenye matangi manne yaliyojaa neon na visamaki wengine waitwao gapi wa kuuza, hadi kwenye duka lenye jina lake juu ya mlango. Alikuwa ameliota hilo duka tangu ajue kuota.

"Mimi ndiye mchungaji wako, yeyo!"

Nalotuesha akatoa karatasi. Ilikuwa ile ile aliyowatilisha sahihi wachungaji wake wote wa Kajiado, nakala ya nakala. Mchungaji amepokea wanyama idadi hii. Mnyama akifa, mchungaji alete ngozi. Asipoleta ngozi, alipe mnyama kwa mnyama.

Nashon alicheka. "Samaki hana ngozi, yeyo."

"Andika mwili."

Akaandika mwili. Kwenye idadi akaandika ishirini, maana ndivyo alivyokuwa amesema, na ni vigumu mtu kubadilisha hesabu wakati chai ya mwenyewe iko mkononi. Alikuwa nje ya geti, kofia kichwani, ndipo akagundua kwamba garanti yake mwenyewe imemgeukia. Ala! Saba wako wapi?

Ikaanza kazi ya utumwa. Kila asubuhi Nashon alikuja na chupa ya chai isiyokuwa na chai. Akimaliza kusalimia, humimina neon wanne tangini, na oska humtazama kwa shukrani. Alijaribu kumshibisha kwa maini ya kusaga. Oska alikula maini, kisha akala neon, kama mtu anayemalizia na tunda. Akaamua kupeleka ombi.

"Yeyo, tumtoe huyu mkubwa kidogo, apumzike."

"Nitoe baba kwa watoto? Si ulisema zinapendana?"

Nashon akachukua chupa yake akaondoka. Kama angesema zaidi, angekuwa amesema yote.

Kufikia mwezi wa tatu oska alikuwa na ukubwa wa kiganja, na matangi mawili ya Nashon yalikuwa na maji matupu. Lakini alijipa moyo. Vyumba ishirini! Avumilie tu mpaka siku ya hesabu, lodge ikifunguliwa.

Siku hiyo, Jumamosi saa nne asubuhi, alimimina neon wa kujazia na kuhakikisha ni ishirini kamili. Nalotuesha akaingia, na nyuma yake wageni wanane, wanawake, kila mmoja na ndoo yenye kifuniko. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Dolphine.

"Madam!" Nashon alisema. "Hata wewe?"

"Mimi na chama," Dolphine alijibu. "Tumekuja kuona mchungaji."

Nalotuesha alianza kuhesabu kwa kidole, polepole, kama anavyohesabu mbuzi wakiingia zizini. "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini."

Nashon akashusha pumzi. Oska akafungua mdomo.

"Kumi na tisa," alisema Nalotuesha.

"Rudia, yeyo, umeruka mmoja."

Akarudia. "Kumi na saba. Mchungaji, mwili iko wapi?"

"Lakini si mmeona!"

"Tumeona nini?"

"Amekula! Mbele yenu! Oska hula samaki wadogo, kila mtu anajua!"

Mwalimu Dolphine aliweka ndoo yake chini.

"Kila mtu nani, Nashon?" aliuliza Mwalimu Dolphine, kwa ile sauti ambayo darasa la sita huiogopa. "Mimi nimetafuta nyuma ya mawe wiki nzima."

Nashon alitazama mlango. Wanawake wanane na ndoo zao walikuwa wameuziba vizuri. Alisikia aibu, aibu ya kweli, ikimchoma masikio.

"Kwetu," Nalotuesha alisema, "mtu hachungi simba na mbuzi boma moja. Nilijua siku ile ya kwanza nikiona mdomo. Mwalimu ndiye aliniambia wako wengine wenye simba kama hii. Sasa kata shauri mwenyewe: simba ni ya nani?"

"Yangu," Nashon alisema kwa sauti ndogo.

"Na mbuzi?"

"Zenu."

Basi wakaongozana hadi chumbani kwake. Neon na gapi wote waliobaki wakagawanywa kwa wanawake tisa, na Dolphine akasimamia zoezi kwa haki kubwa.

"Na lodge, yeyo?" Nashon alithubutu kuuliza, mlangoni.

"Lodge nitaweka TV."

Wakaondoka. Walimwachia simba wote, oska tisa: wanane waliotoka kwenye ndoo, wawili wawili kwenye matangi manne, na yule wa Nalotuesha peke yake kwenye beseni la kufulia. Kabla hajaketi, wa tangi la kwanza walishaanza kupigana. Nashon alichukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hiyo akaandika swali: oska anaweza kukaa na samaki gani?

Jibu lilikuwa fupi. Apewe tangi kubwa, peke yake, na alishwe vizuri, kwani huishi miaka kumi na zaidi.